Kabla ya leseni ya bastola, waulizwe mke na jirani

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nichangie mjadala ambao umekuwa ukiendelea mabarazani kwetu kuhusu umiliki wa silaha kwa watu binafsi. Wapo wanaotaka masharti ya leseni yalegezwe, ili mfanyabiashara, mwenye hoteli au mkulima mwenye uwezo apate bastola bila ya kuzungushwa. Wapo pia wanaotaka leseni zifungwe moja kwa moja Unguja na Pemba, wakisema kuwa visiwa vidogo kama vyetu havina haja ya bunduki nje ya vyombo vya ulinzi. Rai ya kwanza naipinga, na ya pili sioni kama itatekelezeka karibuni. Lakini pande zote mbili zimelipita jambo moja ambalo mimi naliona kuwa ndilo kubwa, nalo ni nani anayeulizwa habari za mwombaji kabla hajakabidhiwa silaha. Nasema waulizwe wanaoishi naye, mkewe akiwa wa mwanzo, kisha jirani zake wa ukuta kwa ukuta, na wasipoulizwa leseni isitoke.

Sipuuzi hofu ya wanaotaka bastola. Anayeujua msimu wa karafuu hapa Pemba anajua hali inavyokuwa: mkulima anatoka kituo cha ununuzi cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, akiwa na fedha taslimu za jasho la msimu mzima, na kila anayepishana naye njiani anajua alichobeba. Karafuu zenyewe huibwa zikiwa mtini na huibwa zikiwa zimeanikwa majamvini. Mjini nako, mwenye duka la dhahabu au wakala wa fedha za simu hufunga mlango jioni akiwa na mauzo ya siku mfukoni, na kutoka Darajani hadi nyumbani kwake kuna vichochoro vyenye giza. Mtu wa namna hiyo akisema anataka kitu cha kujilindia, hastahiki kubezwa, na serikali inayomwambia asubiri polisi ina wajibu wa kuhakikisha kuwa polisi hao wanafika.

Hata hivyo, bastola inayonunuliwa kwa ajili ya mwizi wa njiani hutumia sehemu kubwa sana ya umri wake ndani ya nyumba, na nyumba zetu tunazijua. Kabati la chumbani ufunguo wake uko juu ya kabati lenyewe, na hakuna mtoto asiyejua. Mtoto wa ndugu ameletwa kutoka shamba ili asome skuli ya mjini, na analala chumba kimoja na watoto wa mwenye nyumba. Kukiwa na harusi au khitma, wanawake wa ukoo hulala hadi ukumbini, magodoro hunyanyuliwa, sanduku hufunguliwa kutafutwa kanga, na hakuna pembe ya nyumba ambayo haikupitiwa na mkono wa mtu. Mahali kama hapo bastola haina pa kufichwa. Kuiweka kwenye sefu ya chuma iliyofungwa ukutani, risasi zikiwa mbali na silaha, ndiyo njia pekee ya salama. Lakini iliyowekwa hivyo haimfai mtu aliyeamshwa saa tisa za usiku na kishindo cha mlango, na kwa sababu hiyo mwenyewe huishia kuitoa na kuilaza chini ya mto ikiwa na risasi ndani.

Marekani wanayo bunduki za kiraia nyingi kuliko idadi ya watu wao. Makisio ya mwaka 2017 yalikuwa ni bunduki zipatazo milioni 393. Mwaka 2021 walikufa kwa risasi nchini humo watu 48,830, na zaidi ya nusu yao, watu 26,328, walijiua wenyewe. Nimeitazama sana hesabu hiyo, kwa sababu wanaotetea umiliki wa silaha huzungumza kana kwamba kila risasi humkuta mwizi. Nusu na zaidi ya vifo hivyo ni vya watu waliokuwa katika dhiki ya nafsi, nao walikuwa na silaha karibu katika saa ambayo, pengine kama ingepita, wangeamka asubuhi na kwenda kazini. Katika nusu iliyobaki wamo wake waliouawa na waume zao. Na hapa kwetu Tanzania hatuna haja ya kwenda mbali: mwezi Mei mwaka 2022 jijini Mwanza mume alimuua mkewe kwa bastola, na habari hiyo ilizungumzwa nchi nzima kwa siku nyingi. Kila tukio la aina hiyo likitokea, husikika watu wa karibu wakisema kuwa ugomvi ulikuwapo, kwamba vitisho vilijulikana, kwamba marehemu alikwisha kumweleza dada yake au shoga yake. Waliojua walikuwapo, ila hakuna ofisi iliyowahi kuwauliza.

Ndugu Mhariri, kwa sisi Waislamu wa visiwa hivi lipo tukio ambalo lilitugusa kama lililotokea msikiti wa mtaani kwetu. Ijumaa ya tarehe 15 Machi 2019, katika mji wa Christchurch nchini New Zealand, mtu mmoja aliingia Msikiti wa Al Noor wakati wa sala ya Ijumaa, kisha akaenda kituo cha Kiislamu cha Linwood, na kwa jumla akaua watu 51. Miongoni mwao walikuwamo wazee, na alikuwamo mtoto wa miaka mitatu. Wengi wetu tunakumbuka tulivyosomewa dua za kuwaombea marehemu wale. Sehemu ya habari hiyo ambayo haikuzungumzwa sana kwetu ni kwamba muuaji yule alikuwa na leseni. Aliiomba kwa njia ya kawaida mwaka 2017, akapewa, akanunua silaha zake madukani.

Serikali ya nchi ile iliunda Tume ya Kifalme ya uchunguzi, na ripoti yake ilitolewa hadharani Disemba 2020. Tume ilieleza kuwa utaratibu wa nchi ile ulimtaka mwombaji alete jamaa wa karibu ambaye angehojiwa ana kwa ana. Mwombaji alimtaja dada yake. Kwa kuwa dada huyo alikuwa akiishi Australia, polisi hawakumhoji, wakakubali badala yake rafiki ambaye mwombaji alimjua zaidi kwa michezo ya intaneti, pamoja na mzazi wa rafiki huyo. Wawili hawa walihojiwa, wakamsemea mema, na leseni ikatoka. Tume haikuona kosa katika kukosekana kwa fomu wala saini. Ilichokiona ni kuwa polisi hawakufuata ipasavyo utaratibu wa kutafuta watu wanaomjua mwombaji kweli. Mtu aliyeishi peke yake, akajaza chuki kifuani na silaha chumbani, alithibitishwa kuwa ni mtu anayefaa na watu ambao hawakuwahi kuishi naye.

New Zealand ilichukua hatua haraka. Haukupita mwezi, Bunge lake likapitisha, kwa kura 119 dhidi ya moja, sheria ya kupiga marufuku karibu bunduki zote za nusu-otomatiki, na serikali ikazinunua tena kutoka kwa wenyewe. Australia ilikwisha kufanya hivyo baada ya mauaji ya watu 35 ya Port Arthur mwaka 1996, na huko kujilinda hakuhesabiki kuwa ni sababu ya kupewa leseni. Uingereza nayo ilizipiga marufuku bastola za kiraia mwaka 1997, baada ya watoto 16 na mwalimu wao kuuawa katika skuli ya Dunblane. Hizo ni hatua kubwa na nazipongeza. Lakini ukiniuliza ni nchi gani iliyoligusa hasa jambo ninalolizungumza, nitakutajia Kanada.

Tarehe 6 Disemba 1989 mtu mmoja aliingia chuo cha uhandisi cha École Polytechnique mjini Montréal, akawatenganisha wanawake na wanaume, akawaua wanawake 14. Kanada ilijadiliana miaka kadhaa, na mwaka 1995 ikatunga sheria mpya ya silaha. Chini ya utaratibu wao, mwombaji wa leseni anatakiwa amtaje mke au mume wake, pamoja na yeyote aliyeishi naye kinyumba katika miaka miwili iliyopita. Mtu huyo anaombwa atie saini katika ombi. Asipotia saini, ofisa wa silaha analazimika kumpa taarifa kwamba fulani anaomba leseni, ili kama ana la kusema alisema. Mke wa zamani, ambaye huenda aliondoka usiku na begi moja, naye anapelekewa habari. Sijui utaratibu wa leseni ulio wa busara zaidi ya huu, kwa kuwa unamtafuta yule ambaye risasi ya kwanza huenda ikamwelekea yeye.

Kwetu msingi wa utaratibu kama huo upo tayari, na pengine ni imara kuliko wa Kanada. Anayetaka barua ya ukaazi, kitambulisho au kuandikisha mtoto hupita kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa au kijiji, na sheha ni mtu wa shehia ile ile, anayejua nani amehamia na nani kagombana na nani. Tatizo ni kwamba barua ya sheha imezoeleka kuwa ni mhuri tu. Simlaumu sheha, maana hajawahi kupewa maelekezo wala muda wa kufanya zaidi. Kwa bastola afanye zaidi. Akae na wajumbe wake na wazee wa mtaa, waitwe majirani mmoja mmoja, waulizwe kama mtu huyu ni mwepesi wa hasira, kama analewa, kama ana kesi ya kiwanja na ndugu zake, kwa sababu migogoro ya ardhi na mirathi imegeuza ndugu wengi kuwa maadui na silaha haifai kuingia katikati yake.

Mke aulizwe peke yake, na asiulizwe na sheha wala mbele ya mumewe. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi lina maofisa wanawake wanaojua namna ya kumsikiliza mwanamke mwenye hofu, na kazi hii iwe yao. Waliowahi kuwa wake wa mwombaji nao watafutwe. Talaka si jambo geni kwetu, na mtalaka huwa na habari ambazo hazimo katika jalada lolote. Mahakama ya Kadhi iulizwe kama kuna mke aliyewahi kumshitaki mwombaji kwa kupigwa. Vituo vya Mkono kwa Mkono, vinavyopokea wanawake na watoto waliodhalilishwa, viulizwe pia, kwa utaratibu utakaolinda siri za waliohudumiwa. Na jibu moja la hatari litoshe kuisimamisha leseni hadi lichunguzwe.

Nimewahi kuambiwa kuwa mke hatasema. Mume atajua kuwa yeye ndiye aliyemkwamisha, na usiku huo huo atampiga. Hoja hiyo ni ya kweli, na anayeipuuza hajui maisha ya ndani ya nyumba nyingi. Dawa yake ni kuwa mwombaji aliyekataliwa asionyeshwe nani kasema nini, na kwamba kila ombi bila ya kubagua lipitie mahojiano hayo hayo, ili kukataliwa kusimwelekezee kidole mtu mmoja. Wengine wanasema kuwa majirani ni watu wa fitna na watamharibia mtu kwa husuda. Yawezekana. Kwa hiyo waulizwe wengi, na mwombaji awe na haki ya rufaa kwa ngazi ya juu ambayo itaweza kuyaona maelezo yote. Lakini nikipima baina ya mfanyabiashara aliyecheleweshwa kupata bastola kwa sababu ya husuda ya jirani, na mwanamke aliyezikwa kwa sababu hakuna aliyemuuliza, sihitaji muda mrefu kuamua lipi baya zaidi. Na mahojiano hayo yarudiwe kila leseni inapohuishwa, kwa kuwa mtu mpole wa leo anaweza baada ya miaka mitatu kuwa amefilisika, ameingia ulevini au ameachana na mkewe kwa ubaya.

Ipo hoja nyengine ambayo kwa Mzanzibari ni nzito, nami sitaki kuikwepa. Inasema kuwa raia asiye na silaha yuko chini ya huruma ya mwenye silaha. Wamarekani wameiandika katika katiba yao tangu mwaka 1791, na mwaka 2008 Mahakama yao ya Juu ikaamua kuwa haki ya kuweka bunduki nyumbani ni ya kila raia mmoja mmoja. Kwetu hoja hii ina mizizi yake. Katika karne ya 19 bandari ya Unguja ilikuwa mlango mkubwa wa bunduki na baruti kuingia bara, na misafara ya pembe na watumwa ilipasua njia kwa nguvu ya bunduki hizo. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ndio uliofunga biashara hiyo katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini mataifa yaliyoutia saini yalibaki na silaha zao na kuzitumia kuligawana bara hili. Anayesema kuwa udhibiti wa silaha umewahi kutumika kumnyang'anya mnyonge hasemi uongo.

Ila historia yetu ya baadaye haioneshi kuwa bunduki mitaani zilimlinda mnyonge. Silaha zilizotekwa katika maghala ya polisi ya Ziwani na Mtoni alfajiri ya tarehe 12 Januari 1964 ziligawika mikononi mwa watu, na vyovyote mtu anavyoyaangalia Mapinduzi, wazee walioishi wiki zile hawasimulii kuwa walilala kwa amani zaidi kwa kuwa kila kijana alikuwa na bunduki. Mzee Abeid Amani Karume, aliyekuwa Rais wa kwanza, aliuawa kwa risasi Kisiwandui tarehe 7 Aprili 1972. Padre Evarist Mushi alipigwa risasi Februari 2013 akiwa njiani kwenda kusalisha. Na sisi wa Pemba tuna Januari 2001, askari walipowapiga risasi waandamanaji. Wapo waliozika watoto wao Wete, Micheweni na Chake Chake, na wapo waliokimbilia Shimoni, Kenya, kwa mashua. Naandika haya kwa uchungu na bila ya kutaka kufufua lolote. Wanaosema kuwa siku zile raia wangekuwa na bunduki mambo yangekuwa mengine wana haki na machungu yao, lakini naamini kuwa makaburi yangekuwa mengi zaidi, ya raia na ya askari. Kilichotutoa pale ni Muafaka wa Oktoba 2001, yaani makubaliano baina ya vyama vya CCM na CUF, na baada ya kusuasua sana, kura ya maoni ya Julai 2010 iliyoleta Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Askari aliyetumia silaha vibaya anatakiwa achunguzwe na ashitakiwe, na hilo ni dai la haki ambalo halina uhusiano na bastola ya mfanyabiashara.

Nigusie pia bunduki za kuwindia, maana wengi huziona kuwa hazina madhara. Popo wa Pemba, ambaye hapatikani popote duniani isipokuwa kisiwani kwetu, alikaribia kutoweka katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, na pamoja na kukatwa kwa misitu, sababu kubwa ilikuwa ni wawindaji wenye bunduki za marisaa, wanaopiga mara moja kwenye mti waliolala popo na kuangusha wengi kwa pigo moja. Walibaki elfu chache tu. Walirudi hadi kufikia kiasi cha elfu ishirini baada ya vijiji kama Kidike kuamua kuwalinda wenyewe na kuwakataza wenye bunduki wasiingie. Ilikuwa ni kazi ya watu wa pale pale, waliojua ni nani anakuja na anakuja lini.

Naomba nimalizie na silaha za marehemu. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyotungwa na Bunge la Jamhuri ya Muungano, inamtaka anayemiliki bunduki awe na leseni yake, na leseni hiyo hairithiwi kama mkarafuu. Lakini mzee anapofariki, macho ya warithi huwa kwenye shamba na nyumba, na gobore au bunduki yake ya zamani hubaki nyuma ya kabati hadi mjukuu aichezee au mtu aiuze kwa siri. Wengine wanaogopa kuipeleka polisi wakidhani watakamatwa. Umoja wa Afrika umeutenga mwezi wa Septemba kila mwaka kuwa ni wa kusalimisha silaha bila ya kushitakiwa, na Jeshi letu la Polisi limewahi kutangaza msamaha wa namna hiyo. Tangazo lisomwe misikitini baada ya sala ya Ijumaa, makanisani, na katika mikutano ya shehia, maana wazee wengi hawasomi matangazo ya mitandaoni. Na kwa kuwa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana hushughulikia mirathi ya Waislamu wengi hapa Zanzibar, naiomba iongeze swali moja katika orodha ya mali za marehemu: je, aliacha silaha yoyote, na iko kwa nani? Jibu likiwa ni ndiyo, mgao wa mirathi usimame mpaka warithi walete stakabadhi ya polisi kuwa imekabidhiwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Wete, Pemba